Taa ya kijani isiwadanganye: laini mbili za intaneti ofisini

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Wengi hapa ni watu wa TEHAMA, kwa hiyo sitaeleza ruta ni nini wala kwa nini bosi anataka laini mbili. Nianze na Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024. Mlionisikia nikiisimulia kabla ya leo mnivumilie, maana kila ofisi ninayoingia nakuta kosa lilelile.

Jumapili yake, tarehe 12, mikongo ya EASSy na Seacom, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilikatika, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Jumatatu asubuhi nikaitwa na wakala mmoja wa forodha karibu na bandari ya Dar es Salaam. Nilikuta wafanyakazi wamekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani. Meli imeshusha, makontena yako yadi, na kila siku ya kuchelewa inalipiwa. Hati zao ziko kwenye mfumo wa kampuni ya meli, ng'ambo, na mfumo haufunguki.

Nikafungua kabati la mitambo. Laini ya kwanza, faiba: taa ya kijani. Laini ya pili, ya mnara wa simu, ya kampuni nyingine: taa ya kijani. Meneja kasimama nyuma yangu. "Fundi, mbona zote zinawaka?"

Zinawaka, ndiyo. Taa ile inakwambia waya kati ya ruta yako na kifaa cha mtoa huduma ni mzima, basi. Kilichoko mbele ya hapo haikijui. Na ruta ilikuwa imepangwa kuhamia laini ya pili pale tu lango la mtoa huduma wa kwanza, yaani mtambo wake wa kwanza nje ya ofisi, litakapoacha kujibu. Lango lilikuwa linajibu, tena upesi, kwa sababu liko papa hapa mjini! Kazi ya ofisi nzima ikaendelea kumwagwa kwenye laini iliyokufa. Ya pili, ambayo mwenye nayo alikuwa na njia ya kupitia kaskazini, ilikuwa nzito lakini hai, imekaa bila kazi tangu Jumapili. Niliwahamishia huko kwa mkono. Haikuchukua dakika tatu, barua pepe zikaanza kushuka. Dakika tatu, na watu wamepoteza asubuhi nzima!

Kwa hiyo nawasihi: ruta ipime mbali. Usipime lango, pima anwani ya mtambo ulio nje ya nchi, na zisipungue mbili, kwa sababu moja ikizimwa na wenyewe ruta yako itadhani laini imekufa. Wengi mnaweka 8.8.8.8, anwani ya Google, na kulala usingizi. Anwani ile iko kwenye mitambo mingi duniani na hujibiwa na ulio karibu kimtandao, kwa hiyo inaweza kukujibu huku njia ya Ulaya imekatika. Ongeza nyingine ambayo una hakika iko mbali. Kisha ifunge kila anwani ya kupimia kwenye laini yake. Usipoifunga, kipimo cha laini ya kwanza kitapita kwenye laini ya pili na kukuambia maiti anapumua.

Najua yuko anayesema moyoni, "Mimi nina kampuni mbili tofauti, hayo hayanihusu." Umewauliza wanapitia mkongo gani? Seacom ilianza kazi mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, na yote miwili inafika Dar es Salaam. Kampuni mbili zenye nembo tofauti zinaweza kuwa zimenunua nafasi kwenye mkongo uleule. Hata hapo mtaani, kama nyaya zote mbili zimepanda nguzo moja, lori moja likiiangusha umekwisha. Waulizeni kabla ya kusaini mkataba, na wawajibu kwa maandishi.

Naonyeshwa saa, niharakishe. Laini ya Mbps (megabiti kwa sekunde) 20 na nyingine ya 20 hazimpi mtu mmoja 40 anaposhusha faili moja. Ruta hugawa miunganisho: huyu kwa laini hii, yule kwa ile. Ofisi nzima inafaidi, faili moja halifaidi, na bosi aambiwe hivyo mapema. Mhasibu anayeingia benki abaki kwenye laini moja mpaka amalize, kwa sababu mfumo ukiona anwani yake imebadilika katikati ya muamala unaweza kumtoa nje. Na tafadhali sana, msichomeke modemu mbili kwenye swichi moja ya mtandao mkitumaini zitajumlishana. Mara nyingi zote zina anwani ileile, kama 192.168.1.1, na zote zinagawa anwani kwa kompyuta, na kompyuta zitahangaika kutwa nzima. Kila modemu iwe na tundu lake kwenye ruta na mtandao wake mdogo wa peke yake.

Ya DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, nayaacha, ila msitumie seva za mtoa huduma mmoja kwenye laini ya mwingine, mara nyingi zitakataa kujibu.

La mwisho ni majaribio. Kuchomoa waya wa faiba hakutoshi, maana waya ukichomoka hata ruta iliyopangwa vibaya inajua. Acheni waya mahali pake, mzuie kwenye ruta zile anwani za kupimia za laini ya kwanza, kisha mhesabu sekunde mpaka ofisi ihame. Fanyeni saa za kazi, wenye ofisi wakiwa wamearifiwa.

Naona mkono pale nyuma. Karibu, dada, uliza.