Sarafu za zamani kwenye kiwanja kitupu, usiikimbie misumari

Haya watu wangu karibuni tena, leo tuko kwenye kiwanja kitupu na detekta, mashine ya kutafutia metali ardhini, na kabla hamjaniuliza, ndiyo, mwenye kiwanja nimeongea naye kakubali, maana huku Marekani kiwanja hata kikiota msitu kina mwenyewe, ukiingia kuchimba bila ruhusa ni kesi.

Sasa hapa palikuwa na nyumba ikabomolewa, na misumari yake imebaki ardhini, ndo maana wengi wakija sehemu kama hii wanasikia detekta inakoroma tu krrr krrr wanaondoka. Mimi misumari naifurahia kwa kweli, inanionyesha watu waliishi hapa, na wanapoishi watu hela zinadondoka. Shida msumari ukikaa jirani na sarafu mlio wa chuma unaumeza mlio wa sarafu. Mwaka 1881 Rais wa Marekani James Garfield alipigwa risasi, Alexander Graham Bell, huyohuyo wa simu, akaleta mashine ya kuitafuta risasi mwilini, haikuipata, na sababu moja inayotajwa ni springi za chuma za kitanda alicholalia mgonjwa. Chuma jirani kilivuruga tangu enzi hizo!

Kwa hiyo nafunga koili ndogo, koili ni ile sahani ya chini ya detekta inayonusa metali, kubwa inasoma misumari kibao kwa mpigo, alafu napitisha taratibu mno, koili karibu iguse nyasi, na mlio wa chuma siuzimi kwenye mashine, nataka niusikie. Katikati ya mikoromo ukisikia kamlio kembamba ka juu, ting, simama hapohapo, zunguka uje kwa upande mwingine. Kakilia tena palepale chimba, kakihamahama mara nyingi ni msumari umepinda. Anzeni na njia ya kuingilia mlangoni, ngazi, na chini ya mti mkubwa, watu walikaa kivulini sarafu zikateleza mifukoni.

Haya oneni hii, ngoja nisogeze kamera. Jamani! Mwanamke mwenye kofia ya mabawa, hii senti 10 ilitengenezwa kati ya 1916 na 1945, na msiisugue kabisa hata mkitamani kuusoma mwaka, mchanga unakwaruza uso wa sarafu na thamani inaenda, suuza na maji tu basi. Angalieni ukingo wake, mweupe mzunguko mzima, hiyo ni silva, yaani madini ya fedha. Senti 10 na senti 25 za mpaka 1964 zina silva asilimia 90, za 1965 kuja huku ukingoni unaona mstari wa shaba. Silva ndo inatoka ardhini bado inang'aa, wakati senti 1 za baada ya 1982 ambazo ndani ni zinki zinatoka zimelika hadi zina matobo.

Nafukia shimo kwanza, bonge la nyasi nalirudisha vilevile na kulikanyaga, mwenye kiwanja akipita asijue palichimbwa. Pale kwenye ngazi bado sijapagusa, twendeni.