Kumtungia wimbo mtakatifu asiyesema neno

Tumsifu Yesu Kristo.

Walimu wenzangu wa kwaya, nimeombwa nieleze nilivyotunga wimbo kwa ajili ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam. Nitasema ukweli: mtakatifu mwenyewe alinisumbua kuliko noti.

Nilianza kwa kupekua Injili, nitafute maneno ya Yosefu niwape besi, wale wa sauti nzito za kiume, wayaimbe. Hakuna. Maria anayo, Zakaria anayo, hata pepo wachafu wana mistari yao. Yosefu hana hata neno moja. Katika Mathayo anaota ndoto nne, anaamka, anatenda. Basi.

Wiki nzima sikuandika kitu. Kisha nikasoma sura ya pili kwa sauti: akaondoka, akamchukua mtoto na mama yake usiku, akaenda zake Misri. Mmesikia? Ka, ka, ka. Yule mzee anaishi ndani ya hiyo “ka”. Nikawapa besi na teno, sauti nyembamba za kiume, vitenzi hivyo vitupu, juu ya noti moja ya chini, so, kama seremala anayegonga msumari. “Aka” inapita upesi upesi, pigo zito linaangukia “ndo” ya akaondoka. Soprano ndio wanaosimulia ndoto. Wanaume wanatenda tu.

Na hapa niruhusuni ninung'unike kidogo. Tunatunga nyimbo nyingi ambamo pigo la kwanza linakalia “Yo” ya Yosefu, na waumini wanabaki wakiimba jina la mtu mwingine. Uzito uko kwenye “se”! Mkiandika “utuombee”, uko kwenye “mbe”. Lugha imeshatupangia mapigo. Sisi tunayapindua kwa sababu tumenogewa na kinanda.

Sasa kanisa lenyewe. Wamisionari Wajerumani walilijenga kati ya 1897 na 1902, kwa mtindo wa Kigothi, likatazama bandari. Siku moja mchana, likiwa tupu, nilisimama katikati nikapiga kofi moja. Sauti ilipanda kwenye matao, ikazunguka, ikarudi imechelewa kama mgeni wa harusi. Pale ukiandika akodi, yaani noti zinazolia pamoja, zinazobadilika haraka, ya pili inaikuta ya kwanza bado iko hewani na zote mbili zinavurugika. Kwa hiyo nikapunguza mwendo, nikaacha nafasi. Baada ya kila ndoto kwaya yote inanyamaza mapigo manne. Hapo Yosefu ndiye “anayesema”, na matao yanashikilia akodi ya mwisho kwa niaba yetu.

Jambo jingine la kukumbuka ni kalenda. Sherehe yake ya tarehe 19 Machi kwa kawaida huangukia Kwaresima. Wimbo wa Utukufu unaimbwa, lakini Aleluya hapana. Najua wengi wetu tukikwama mwishoni tunakimbilia Aleluya nane na kinanda kwa nguvu zote. Safari hii mlango huo umefungwa. Nikamalizia kwa litania yake, ile iliyoidhinishwa mwaka 1909, niliyoipenda kwa sababu inamwita kitisho cha mashetani. Mtu mpole vile! Mwimbishaji anataja sifa, watu wote wanaitikia “utuombee”, sauti zikipungua moja moja hadi wabaki alto peke yao.

Mazoezi ya kwanza ndani ya kanisa yalikuwa jioni. Tukafika ndoto ya pili, ile ya kukimbilia Misri. Kwaya ikanyamaza. Moja, mbili... boti ya Zanzibar ikapiga honi bandarini, ndefu, chini kidogo ya so yetu. Teno wakacheka. Besi mmoja akainua mkono: “Mwalimu, na hiyo tuiandike?”

Nikachukua penseli, nikaongeza mapigo mawili ya kunyamaza.