Kumshikia Mwenzako Nafasi

Ndugu viongozi, wafanyakazi wenzangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunipa muda huu.

Nimeombwa niseme juu ya kuwasaidia wenzetu wa kazini wanaopitia matatizo ya afya ya akili. Mimi si daktari. Nimekuwa msimamizi wa watu kwa miaka mingi, na nitakayoyasema leo nilijifunza kwa kumkosea mtu.

Katika kitengo nilichokisimamia tulikuwa na mhasibu, dada makini kweli kweli. Hesabu zake ukizipokea hukuwa na haja ya kuzipitia mara ya pili. Kisha, kwa muda wa miezi miwili hivi, akabadilika. Hesabu zikaanza kuchelewa, tarakimu zikawa zinapinduka, na barua pepe aliyokuwa akiijibu kwa mistari kumi sasa ikapata jibu la neno moja. Nilipomuuliza, akasema hajalala vizuri. Baadaye nikajua anatibiwa sonona, ule ugonjwa wa akili unaomzamisha mtu kwenye huzuni nzito kwa muda mrefu.

Nikaamua kumtendea wema. Nikamwondolea hesabu za mwezi, nikampa mtu mwingine. Nikamtoa kwenye vikao ili apumzike. Nikawaambia wenzake wasimsumbue. Yeye mwenyewe sikumuuliza hata neno. Kwa macho yangu, nilikuwa nimemtua mzigo. Kwa macho yake, kama alivyonieleza mwaka mmoja baadaye, nilikuwa nimetangaza mbele ya kitengo kizima kwamba hafai tena. Alikuwa anafika asubuhi, anakaa mbele ya kompyuta isiyo na kazi, anasubiri saa ya kutoka. Aliniambia, "Kazi ndiyo kitu pekee nilichokuwa bado nakiweza, japo kwa shida. Na wewe ukaichukua."

Sote tunajua jambo la foleni. Umepanga mstari, umepatwa na dharura, unamgeukia aliye nyuma yako: tafadhali, nishikie nafasi. Humwombi akutatulie dharura yako. Unachoomba ni kwamba ukirudi, usikute mstari umejifunga kana kwamba hukuwahi kusimama pale. Kwa mwenzetu anayeugua akili, kazi yetu sisi wa ofisini ni hiyo. Kumtibu wako wanaoweza. Nafasi yake ni sisi tunaoweza kuishika, na mimi niliiacha.

Tusidhani haya ni mambo ya watu wachache walio mbali nasi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 takriban asilimia 15 ya watu wazima wenye umri wa kufanya kazi walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili. Shirika hilo hilo linasema sonona na wasiwasi uliopitiliza huigharimu dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Uangalieni ukumbi huu, mhesabu vichwa, halafu mjiulize ni wangapi kati yetu wamekaa hapa wakisikiliza habari zao wenyewe. Kwenu nyinyi nasema pole, na nitajitahidi kuzungumza nanyi badala ya kuzungumza juu yenu.

Utamtambuaje mwenzako? Mlinganishe na yeye mwenyewe, usimlinganishe na wengine. Mtu mkimya anayeendelea kuwa mkimya hana tatizo. Mchangamfu aliyenyamaza, huyo mwangalie. Anayewahi ambaye sasa anachelewa, mpole ambaye sasa anafoka. Na muwe macho kwa upande wa pili pia, ambao wasimamizi tunaupenda mno: mtu aliyeanza kutuma kazi saa tisa za usiku, hali chakula, hapumziki, tunampongeza kwa bidii wakati usingizi umemkimbia. Sonona haikai kwenye huzuni peke yake. Hushika kumbukumbu, umakini na uwezo wa kuamua. Mtu anaweza kusoma ukurasa mmoja mara nne asishike kitu. Ukiona makosa ya ghafla kwa mtu asiyekosea, kabla hujafikiria uzembe, fikiria hilo.

Ila usimpe jina la ugonjwa. Ukimwambia mtu "nadhani una sonona", umejivika koti la daktari, na yeye atatumia nguvu zake kukubishia. Mwambie ulichokiona.

Sasa hapa kwenye kuuliza ndipo penye kazi, na lugha yetu yenyewe inatutega. Tunaulizana "hujambo?", tunajibiwa "sijambo". Ukilisikiliza neno hilo vizuri, mtu anakana: sina jambo. "Habari za kazi?" "Nzuri." Hata mwenye msiba huanza na "nzuri", kisha ndipo huja lile neno dogo, "ila". Nzuri, ila siku hizi sijui nikoje. Salama, ila nimechoka. Wengi wetu tunapofikia "nzuri" tumekwishapiga hatua tatu kuelekea mlangoni, na "ila" inamkuta mwenzetu akiwa peke yake kwenye korido. Ombi langu la kwanza kwenu ni hilo: mkisalimia, subirini "ila".

Isipokuja, uliza. Mtafute mkiwa wawili, mahali pasipo masikio, na uwe na muda kweli. Kumuuliza mtu jambo zito huku umeshika funguo za gari ni kumwambia asiseme. Mimi siku hizi nasema hivi: "Ndugu yangu, wiki tatu hizi nimekuona huli na wenzako, na jana nilikuona umekaa muda mrefu hujagusa kitu. Nimeona nikuulize. Si lazima uniambie." Kisha nanyamaza. Ukimya huo ni mgumu, jamani. Dakika moja inaonekana saa. Ukiujaza kwa maneno yako, umemfungia mlango. Akikataa kusema, mwambie umesikia na upo, umrudie baada ya siku chache. Watu wengi hawasemi mara ya kwanza. Wanapima kwanza kama unauliza kwa desturi tu au unauliza kweli.

Akisema, msikilize mpaka amalize. "Jikaze" limeumiza watu wengi, kwa sababu aliyefika kwako amekwishajikaza mpaka nguvu zikaisha. "Mbona una kazi, una familia, unakosa nini?" humwongezea aibu juu ya maumivu. "Omba tu, yatapita": sala ina nafasi yake, na kwa wengi wetu ni nguzo, lakini ukiitoa kama kifuniko cha mazungumzo atasikia kwamba hutaki kusikia zaidi. "Pole, nimekusikia. Hili ni zito" latosha kabisa kwa kuanzia. Halafu muulize kama ameonana na mtu wa tiba. Kama bado, jitolee kumsaidia kupata miadi, au kumsindikiza. Kupiga simu moja tu, kwa mtu aliye kwenye hali hiyo, kunaweza kuwa mlima.

Kisha zungumzeni kazi. Swali ambalo ningetamani ningemuuliza yule mhasibu wetu ni moja: ni sehemu gani ya kazi inayokulemea zaidi sasa hivi, na ni ipi unayotaka ibaki mikononi mwako? Majibu hutofautiana mno. Mmoja atasema vikao vinamtesa ila hesabu humtuliza. Mwingine kinyume chake. Mwingine ataomba maagizo yaandikwe, maana akiambiwa kwa mdomo hupotea. Mwingine ataomba kazi kubwa ikatwe vipande vipande, au aanze saa nne kwa sababu dawa za usiku humwachia usingizi asubuhi. Mwenye ugonjwa ule wa hisia kupanda na kushuka, ambao wataalamu huuita baipola, zamu za usiku zinaweza kumwangusha kabisa, kwa kuwa kuvurugika kwa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoamsha ugonjwa wake.

Jambo moja kuhusu dawa, ambalo wasimamizi hawalijui na huleta dhuluma isiyokusudiwa. Dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, ilhali madhara yake, kama kichefuchefu au kusinzia, yanaweza kutangulia. Kwa hiyo mwenzako aliyeanza tiba anaweza kuonekana ameharibika zaidi wiki ya pili kuliko kabla hajaanza. Ukimpima kazi wiki hiyo, unampima mahali penye kina kuliko pote.

Na marekebisho hayo msiyahesabu kuwa fadhila. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, katika ibara yake ya 27 unataka mahali pa kazi pafanyiwe marekebisho yanayofaa kwa wenye ulemavu, na unawahusu pia wenye matatizo ya akili ya muda mrefu. Tuwe wakweli hapo hapo: kazi iliyopunguzwa kwa mmoja humwangukia mwingine, na anayeangukiwa ana haki ya kunung'unika. Msimamizi asimwachie mgonjwa deni hilo. Aligawanye waziwazi, aweke tarehe ya kulipitia upya, na kama kuna kazi inayoweza kusubiri, isubiri.

Siri. Alichokuambia ni chake. Wenzake wanatakiwa kujua kazi imepangwaje. Ugonjwa wake hawana haja ya kuujua. Ukilazimika kumshirikisha ofisa rasilimali watu, muulize kwanza mwenzako, mkubaliane hata maneno yatakayotumika. Na yale maneno tunayotupiana kwa mzaha, kichaa, mwehu, amedata, tuyaache. Anayeumwa yuko mezani anasikia, na hapo hapo anajua ni nani hatamwambia kamwe.

Mpaka wa siri ni mmoja. Duniani hufariki zaidi ya watu 700,000 kwa kujiua kila mwaka. Mwenzako akisema amechoka kuishi, au kwamba wenzake wangekuwa na nafuu asipokuwepo, au akaanza kuaga na kugawa vitu vyake, muulize waziwazi: unafikiria kujiua? Wengi huogopa kwamba swali litampandikizia wazo. Tafiti hazioni hivyo. Wengi wanaoulizwa kwa upole hupata ahueni kwamba hatimaye pana mtu wa kuambiwa. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na usimwahidi kunyamaza. Ita msaada wa dharura, mfikishe hospitali, mjulishe mtu wake wa karibu. Akikukasirikia, vumilia. Hasira yake tutaizungumza kesho, na tunataka hiyo kesho iwepo.

Nisipoligusa hili lifuatalo nitakuwa nimewadanganya. Mara nyingine kazi yenyewe ndiyo inayougua. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022, ule uchovu mkubwa wa kazi, wa mtu kuishiwa nguvu, kuichukia kazi yake na kuhisi hafanyi lolote la maana, haukuitwa ugonjwa. Umeelezwa kuwa ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa. Mwaka huo huo shirika hilo likatoa mwongozo wa afya ya akili kazini, nao unataka mazingira ya kazi yarekebishwe, na wasimamizi wafunzwe. Kwa hiyo pale watu watatu wa kitengo kimoja wanapoanguka kwa mwaka mmoja, msilete semina ya kuvuta pumzi. Angalieni mzigo wa kazi. Mwangalieni msimamizi. Kama kuna anayedhalilisha watu, Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2019 unalitaja jambo hilo kwa jina lake: ukatili na unyanyasaji kazini. Mtu hawezi kupona mahali panapomuumiza kila siku.

Nirudi kwa mhasibu wetu nimalizie. Hatimaye alichukua likizo ya ugonjwa, wiki saba. Mimi nikanyamaza kabisa, nikidhani namheshimu kwa kumwacha apumzike. Angekuwa amevunjika mguu ningekwenda kumwona na matunda mkononi. Siku aliyorudi, nywila yake ilikuwa imefungwa na hakuna aliyekumbuka kuifungua. Juu ya meza yake palikuwa na maboksi ya karatasi. Alipoingia, watu wakanyamaza, si kwa ubaya, hawakujua la kusema. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani, akiangalia yale maboksi.

Aliyeyatoa alikuwa kijana wa masjala, mdogo kuliko sisi wote kwa cheo. Akamvutia kiti, akamwambia, "Karibu dada. Zile risiti za mradi zimetushinda, tulikuwa tunakusubiri." Baadaye nilikuja kugundua kwamba kijana huyo, katika wiki zile saba, kila Ijumaa jioni alikuwa akimtumia ujumbe mfupi wa simu. Habari za ofisi tu: printa imekufa tena, ripoti imepita, mkaguzi amesogeza tarehe. Na kila ujumbe uliishia kwa maneno yale yale: "Usijibu, pumzika."

Dada yule hakujibu hata mmoja. Lakini hakuufuta hata mmoja pia. Alinionyesha zote saba kwenye simu yake. Akaniambia zilikuwapo wiki ambazo hakujua ni siku gani, mpaka simu ilipolia, akajua ni Ijumaa.