Paukwa Bila Pakawa: Buzz, Paka na Deni la Mtazamaji

Paukwa!

(Ukumbi: Pakawa!)

Asanteni. Mmeitikia kabla sijasema nimekuja na nini. Ndiyo kazi ya neno lile. Bibi akilitamka tu, mtoto anajua akae vipi: kuna sungura, kuna fisi, na fisi leo atakiona cha moto. Bibi akianza hivyo halafu akasimulia habari za mirathi ya babu, mtoto atanyanyuka aende zake, hata kama habari ya mirathi ni tamu.

Leo nataka tuitazame paukwa moja iliyoandikwa kwenye skrini mwaka 2022. Filamu ni Lightyear, ya studio ya Pixar, iliyoongozwa na Angus MacLane. Ni katuni ya familia, habari za anga na maroketi, iliyochipuka kutoka Toy Story, ile katuni ya midoli walio hai. Kuna kijana nilimsikia akiziita filamu za namna hii “michepuko”. (Kicheko.) Simo huko, ingawa namwelewa: mchepuko nao hutumia pesa za nyumba kubwa.

Kabla ya picha yoyote yanatokea maandishi. Nayasema kwa maneno yangu: mwaka 1995 mtoto aitwaye Andy alipewa mdoli wa Buzz Lightyear kutoka kwenye filamu aliyoipenda kuliko zote, na filamu yenyewe ndiyo hii. Basi. Baada ya hapo tuko kwenye sayari ngeni.

Ninyi mnaotaka kuandika miswada, yatafuneni maneno hayo polepole. Yanasema mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, mtu mliyemjua akiwa mdoli sasa mtamwona akiwa mtu kamili. Pili, na hapa ndipo penye moto, mtaona kitu kilichomfanya mtoto mdogo atoke sinema akimsumbua mama yake amnunulie mdoli wa Buzz. Hakuna aliyewalazimisha kuandika hivyo. Deni wamejiandikia wenyewe.

Sasa tumkumbuke Buzz wa 1995, yule wa Toy Story na mwenzake Woody, mdoli mchunga ng’ombe. Tulimpendea nini? Si roketi. Kuna pahali anaona tangazo la televisheni linalouza midoli iliyo sawasawa na yeye, na limeandikwa kabisa kwamba mdoli huyu haruki. Hakubali. Anapanda ukingo wa ngazi, anajirusha, anaanguka chini, mkono unachomoka. Mtoto anacheka na kulia hapohapo. Utamu wote wa Buzz umekaa kwenye ule mkono uliochomoka: ni mdoli anayejidhani askari wa anga. Ukimfanya askari wa anga wa kweli, umempa alichokuwa anakililia, na umetunyang’anya sisi tulichokuwa tunakicheka.

Simaanishi Lightyear haina kitu. Kuna dakika chache mle ndani ambazo ningezifundisha mwaka mzima. Buzz amesababisha chombo chao kukwama na watu wote waliomo, basi anajaribu mafuta mapya ya kuwarudisha nyumbani. Anaruka kwa dakika kama 4. Akitua, chini kumepita miaka 4 na ushei, kwa sababu anayekwenda mbio kukaribia mwendo wa mwanga, saa yake hupunguza mwendo. Einstein, si porojo. Anaruka tena. Kila akirudi, rafiki yake Alisha ameongezeka kitu: ameoa, ana mimba, ana mtoto, ana mvi. Kisha siku moja anaingia ofisini kwake na kiti ni kitupu. Kumebaki hologramu, picha ya mwanga: mama mzee anaaga. Buzz hana hata kunyanzi moja usoni.

Nilikuwa nimekaa na mpwa wangu, ana miaka saba. Mimi natafuta leso. Yeye kaniinamia sikioni: “Mjomba, Woody anatoka saa ngapi?”

(Kicheko.)

Mnacheka, lakini ule ndio uhakiki mfupi kuliko wote niliousikia kuhusu filamu ile. Mtoto aliahidiwa kitu, naye anadai.

Halafu Zurg, adui wa Buzz. Katika Toy Story 2, ya 1999, Zurg anamwambia Buzz mmoja kwamba yeye ni baba yake, kwa mzaha wa wazi juu ya filamu za Star Wars, ambako adui naye ni baba. Watu wameutunza mzaha huo miaka zaidi ya ishirini. Lightyear inamvua Zurg kofia, na ndani yumo Buzz mwenyewe, mzee, katoka wakati ujao. Kwa anayefundisha tamthilia, wazo zuri: adui wa mtu ni ukaidi wake. Kwa aliyekuja na mzaha wake mfukoni, ameibiwa.

Fedha nitazipitia haraka. Ilitengenezwa kwa dola kama milioni 200, ikaingiza kama milioni 226 duniani kote, na ukikumbuka majumba ya sinema nayo hukata fungu lake, hiyo ni hasara. Toy Story 4, miaka mitatu nyuma, ilipita bilioni moja. Sababu zipo nyingi. Pixar walikuwa wamewazoesha Wamarekani kuzipata filamu zao tatu zilizotangulia sebuleni, kupitia Disney+, huduma ya kutazamia filamu mtandaoni. Falme za Kiarabu na nchi kadhaa nyingine ziliipiga marufuku kwa ajili ya busu la wanawake wawili. Yote yana uzito wake. Ila hayamjibu mpwa wangu.

Mwaka huohuo, Desemba, ikatoka Puss in Boots: The Last Wish. Nayo, ya paka mwenye upanga, imechipuka kutoka katuni ya Shrek. Wikendi ya kwanza Marekani ilisuasua, dola milioni 12 na kidogo. Kisha watu wakaambiana, ikaenda mpaka ikapita milioni 480 duniani, na iligharimu kama nusu ya ile ya Buzz. Nayo inatisha: adui ni Mauti, mbwamwitu anayepiga mluzi. Kuna watu wazima walifumba macho. Lakini walioiandika walijua tunampendea nini yule paka: majigambo, na zile roho tisa za kuchezea. Wakazichukua palepale, wakamwachia moja. Paka ni yuleyule hadi sauti, Antonio Banderas, tangu 2004. Mtoto hakuuliza fulani anatoka saa ngapi.

Nirudi kwa mpwa wangu, maana kuna mtu pale nyuma amenyoosha mkono na namjua, ataniuliza kama mtoto aliipenda. Tulipotoka nje nilimwuliza, kwa sababu ya yale maandishi ya mwanzo, angetaka nimnunulie mdoli gani. Nilitaka kuona kama deni limelipwa. Hakufikiri hata kidogo. Alimtaka Sox, yule paka wa roboti anayepewa Buzz kama mliwaza.

Buzz je?

“Buzz ninaye,” akasema. “Yule wa zamani.”