Miwani ya Kuokota: Waya, Kutu na Uzito wa Pua

ASHA: Karibu tena, msikilizaji. Leo ni miwani-sanamu, zile C-Stunners za Cyrus Kabiru wa Nairobi. Anaziunda kwa waya, chuma chakavu na vipuri vilivyotupwa mtaani. Mwaka 2015 zilifika Ujerumani, kwenye maonyesho ya Making Africa pale Vitra Design Museum.

JUMA: Na kwake kuna miwani yenyewe, halafu kuna picha akiwa ameivaa. Kwa hiyo anayetaka kujaribu aanze kupima uso. Taka atazipata tu, Nairobi haijawahi kuishiwa.

ASHA: Tupe vipimo, kaka.

JUMA: Mbele sentimita 14, kila mkono sentimita 14 hivi ukihesabu na kipindo cha sikioni. Fremu iwe waya wa mabati wa milimita 2, mita moja inatosha. Ule wa kufungia nondo ni laini, ukiutumia kwa fremu miwani inapanuka kila ukiivaa. Uuweke wa kuungia.

ASHA: Wengi wanaungia gundi.

JUMA: Na ndiyo inayowaangusha, dada. Juu ya chuma kichafu, epoksi inashika kutu badala ya chuma. Kutu ikibanduka, kipande ulichobandika kinaanguka na gundi yake. Toboa matundu mawili kwenye kipande, pitisha waya, zungusha mara nne au tano, kaza kwa plaizi. Ncha ukunje kuelekea nje. Ikibaki upande wa jicho, hiyo si ya kuvaliwa.

ASHA: Na kutu?

JUMA: Loweka chuma kwenye siki usiku mmoja, sugua kwa brashi, suuza kwa maji yenye magadi kidogo, kisha ukaushe hapo hapo. Ukikiacha na unyevu, kutu mpya inarudi siku hiyo hiyo.

ASHA: Hapo niongeze, tafadhali: msiking'arishe chote. Rangi iliyochubuka na namba iliyogongwa kwenye bati ndizo zinazobeba mtaa ndani ya kazi. Msasa na vanishi viishie upande unaogusa ngozi.

JUMA: Kweli kabisa. Na nyaya za umeme zichunwe kwa kisu, zisichomwe. Moshi wa ile plastiki ni sumu.

ASHA: Uzito je?

JUMA: Miwani ya kawaida ni kama gramu 30, hizi zinaweza kufika 150. Uzito ukiwa wote mbele, inateleza puani. Funga nati moja nyuma ya kila sikio, uongeze mpaka ikae sawa. Puani zungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, upana sentimita moja. Mpira haukubali jasho liitelezeshe.

ASHA: Picha mpige kivulini, asubuhi, mwanga ukitoka ubavuni. Jua la saa sita linafanya chuma kiwe doa jeupe, na ile namba kwenye bati haisomeki tena.