Kukausha Mtungi: Maji, Chumvi na Fueli ya Nyuklia Iliyotumika

Ndugu wasikilizaji, leo tuzungumzie maji. Fueli ikitoka kinuni, maji ndiyo huiokoa. Vitita vya vijiti hukaa bwawani miaka 5 au zaidi, mita 7 hivi za maji juu yake zikizuia mnunurisho, mpaka joto lipungue kiasi cha kupozwa na hewa tu. Kuanzia hapo maji hayohayo hayatakiwi tena.

Mtungi wa kuihifadhi fueli pakavu, wa chuma kisichoshika kutu, hujazwa vitita ukiwa ndani ya bwawa. Aina moja hubeba vitita 37. Ukiinuliwa, kifuniko huchomelewa, maji hutolewa, na pampu za ombwe huanza kazi. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: shusha kanieneo chini ya milibari 4, funga vali, subiri dakika 30. Ikipanda kupita hapo, maji bado yamo. Hapa haraka huponza. Pampu ikivuta kwa kasi, maji yaliyojificha kwenye nafasi nyembamba huganda barafu. Kipimo hutulia, nawe ukadhani pamekauka. Shusha kwa vituo, kila kituo ukikipa muda.

Ila ombwe halipitishi joto vizuri, na vijiti huzidi kupata moto. Marekani imeweka kikomo cha nyuzi 400 za Selsiasi kwa ganda la zirkoni, metali inayoifunika fueli katika kila kijiti. Haidrojeni ambayo ganda lilinywa kinuni huyeyuka ndani ya metali kwa joto hilo. Ganda likipoa, hujitenga tena, safari hii ikiweza kukata unene wa ganda, na ganda huwa rahisi kuvunjika. Kwa hiyo gesi ya heli hujazwa mara tu baada ya kukausha: hupitisha joto na haimenyuki na metali.

Mtungi huingizwa kwenye kasha la zege lenye matundu chini na juu, hewa ikapita yenyewe bila feni. Matundu yakaguliwe yasizibe.

Pwani kuna la ziada. Mtungi ukiwa moto, chumvi iliyotua juu yake hubaki kavu. Miongo ikipita unapoa, chumvi inafyonza unyevu, na kando ya mishono ya kuchomelea, ambako chuma kimebaki na mkazo, ufa unaweza kuanza. Hivyo, kwangu mimi, mtungi wa miaka 40 unastahili macho makali kuliko wa miaka 2: kamera ndogo ipitishwe tunduni, ifuate mishono. Makasha ya Ujerumani yana vifuniko viwili vya bolti, na kanieneo kati yake hupimwa wakati wote. Mtungi uliochomelewa hauna kipimo hicho; usipoupelekea kamera, hautakuambia kitu.