Uwanja wa Hospitali Nao Ni Wadi

Mazungumzo na watunza bustani, wauguzi na maafisa wa afya ya umma, Kisumu

Hamjambo nyote. Madaktari na wauguzi mlioacha kazi asubuhi hii, asanteni. Na nyinyi wazee wangu na mama zangu mlioketi kule nyuma na gambuti zenu, tafadhali sogeeni mbele. Mada ya leo ni yenu.

Miaka kadhaa iliyopita mama yangu alilazwa kwa ajili ya pumu, katika hospitali moja ya huku magharibi. Wadi ilikuwa safi, wauguzi wapole. Asubuhi ya tatu nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Dirisha lilikuwa wazi. Nje, hatua kama ishirini hivi, kijana mmoja alikuwa amefagia majani ya mjakaranda, akayarundika pamoja na chupa za plastiki na glavu mbili tatu, akawasha moto. Alifanya kazi aliyoagizwa, tena kwa bidii. Ndani, muuguzi anamvisha mama barakoa ya oksijeni. Nje, moshi unaingia. Watu wawili walioajiriwa na hospitali moja, mmoja akivunja kazi ya mwenzake, na hakuna aliyewahi kuwakalisha pamoja.

Tangu siku hiyo nasema uwanja wa hospitali nao ni wadi. Mgonjwa huupitia akiingia, huutazama akiwa kitandani, huvuta hewa yake usiku na mchana. Anayeutunza ni mhudumu wa afya, na inafaa ahesabiwe hivyo.

Tuanze na maji, kwa sababu hapa Kisumu maji ndiyo yanayotusumbua zaidi. Tuko kwenye ukingo wa Ziwa Victoria, kuna joto, na udongo wetu mwingi ni ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kushika maji wakati wa mvua. Mvua ya Machi hadi Mei ikinyesha, kila alama ya tairi na kila kwato la ng'ombe aliyepenya uani huwa kidimbwi. Na mbu wa malaria, Anofelesi, si kama wengi wanavyomdhania. Mtaro wenye maji meusi yanayonuka humpendeza zaidi mbu mwingine, yule anayetunyima usingizi. Anofelesi hupenda maji safi yaliyotuama, yenye jua. Kwa hiyo ule mfereji unaovuja nyuma ya jengo la kufulia, wenye kidimbwi cha maji maangavu mnachokipita kila siku mkisema "haya ni maji masafi tu", ndio ninaouogopa.

Ukifika pale, chutama. Usisimame. Ngoja maji yatulie, kwa kuwa kivuli chako huwashtua viluwiluwi wa mbu wakazama. Baada ya muda utawaona wakirudi juu. Kama wananing'inia, kichwa chini na mkia juu, hao ni wa mbu wa mtaroni. Kama wamelala bapa chini ya uso wa maji, kama vijiti vidogo vinavyoelea, hao ni Anofelesi. Hawana ule mrija wa kupumulia, ndiyo maana hulala hivyo. Mtu akishawaona mara moja, hawezi kukipita kidimbwi tena bila kuchungulia.

Katika joto letu, yai la mbu huchukua kama siku saba hadi kumi na nne kuwa mbu anayeruka. Ndiyo sababu nasisitiza mzunguko wa kila wiki, siku ile ile, bila kukosa. Jaza udongo kwenye mashimo, zibua mtaro, panda juu utazame gata, geuza ndoo na tairi kuukuu, rekebisha mfereji unaovuja. Ukikosa wiki moja, kizazi kizima kimeruka, na kinakula wapi? Wadini, kwa mama aliyejifungua jana. Chandarua kinasaidia sana, lakini mgonjwa hakai chini yake saa zote.

Sasa ule moto. Kuchoma taka za plastiki karibu na wagonjwa hakuna utetezi. Plastiki nyingine, hasa PVC, ikichomwa kwa moto hafifu hutoa dayoksini, sumu inayodumu mwilini miaka mingi. Majani nayo ni chakula cha udongo, tunayachomea nini? Tengenezeni boksi la mbao au matofali, mita moja kila upande, mbali na wadi na kisima. Wekeni mafungu matatu ya majani makavu kwa fungu moja la nyasi mbichi, mnyunyize maji hadi ukikamata konzi liwe kama sifongo iliyokamuliwa. Katikati patapanda hadi nyuzi 55 au zaidi, na joto hilo huua mbegu nyingi za magugu. Pindueni kila baada ya wiki moja au mbili. Miezi mitatu hivi, mna mboji bila kununua gunia la mbolea. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza, kwa hiyo kazi hii ni ya lazima pia.

Ila kitu kisichotoka bustanini kisiingie kwenye boksi hilo. Ndoo za taka za wadini, nyeusi, ya njano na nyekundu, zina njia zake, na wauguzi mnazijua.

Na hapa niseme na wauguzi kwa upole lakini bila kuficha. Sindano hufikaje kwenye nyasi? Haina miguu. Boksi la vitu vyenye ncha kali lilijaa kupita alama, au lilibebwa ovyo. Kisha anakuja mtu na slasha, nyasi zimefika magotini, anainama kung'oa kilichonaswa, anadungwa. Nimewakuta watunza bustani waliofanya kazi miaka mingi bila hata dozi moja ya chanjo ya homa ya ini ya B, wakati muuguzi wa wadi ileile amemaliza zote tatu. Hilo linaniuma.

Kwa hiyo, wazee wangu: sindano haishikwi kwa mkono hata ukiwa na glavu. Tumia koleo, na boksi liletwe pale ilipo. Ukidungwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, na nenda saa hiyohiyo ukaripoti. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Usione haya, na usisubiri zamu iishe.

Nyasi zenyewe msizinyoe hadi udongo uonekane. Najua nyumbani tunafagia uwanja ukawa mweupe, nyoka aonekane, na kwa boma ni busara. Kwenye ekari kadhaa za hospitali, udongo ulio wazi hupeperuka hadi wadini wakati wa kiangazi na huziba mitaro wakati wa mvua. Acheni urefu wa vidole vitatu au vinne.

Kuhusu miti nitasema kidogo. Siala (Markhamia) ni mti wetu, una kivuli na maua ya manjano, upandeni. Yago (mvungunya) pia, lakini si juu ya maegesho wala benchi, maana tunda lake lina uzito wa kilo kadhaa. Mikalitusi iwe mbali na kuta, kwa sababu hunyonya maji ya udongo mweusi nao ukajikunja na kupasua msingi. Oleanda ya manjano ing'olewe kabisa karibu na wadi ya watoto. Mbegu zake huudhuru moyo.

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao madirisha yalitazama miti, nusu yalitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi, wakatumia dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Dirisha la mama yangu lilitazama miti pia. Mjakaranda ule ulikuwa umechanua.

Nina ombi moja kwa wasimamizi: kamati ya kuzuia maambukizi ikikutana, kiongozi wa bustani awe na kiti mezani. Chai iko tayari, lakini kabla ya chai nimeleta upawa mweupe. Twendeni sote kwenye mfereji wa nyuma tukachote, tuone wamelala au wananing'inia.